Nilimficha Mwanangu, Nikajificha na Mimi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Morogoro aliniandikia saa nane za usiku: "Dada, wangu naye ana usonji. Mbona wewe huchoki?" Nilicheka peke yangu gizani. Saa hiyo kijana wangu wa miaka 11 alikuwa anarukaruka kitandani, akiimba tangazo la sabuni kwa mara ya arobaini. Naye ana usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mtoto anavyoongea, anavyohusiana na watu na anavyohisi sauti na vitu.

Sichoki? Mwaka 2018 tulipanga chumba Mbagala, wapangaji sita, bafu moja. Nilikuwa najifungia humo, namwaga maji kwa kopo ili wenzangu wasisikie ninavyolia. Na hapo lazima nilie haraka, maana kuna mtu nje anasubiri na ndoo yake.

Mtoto alikuwa na maneno matatu. Alipofika mwaka na nusu yakapotea. Ukimwita hageuki, lakini ukichana karatasi ya biskuti chumba cha pili anafika kabla yako. Mama mkwe akasema kwao hakujawahi kuwa na mtu wa hivyo. Mawifi wakamalizia: mimi ndiye niliyekuja na kitu hicho kwenye ukoo wao. Kuna mahali nilipelekwa wakamkemea pepo bubu mpaka mtoto akatapika kwa hofu, nikaambiwa ndiyo linatoka. Nikatoa sadaka. Ya mganga nayaruka, bado yananiuma mfukoni.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba hata Marekani kinamama walibebeshwa mzigo huu huu. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim, mtu wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliandika kitabu akiwalaumu wazazi, hasa mama, kwamba ubaridi wao ndio unaoleta usonji. Kumbe mawifi zangu wana ndugu Chicago! Na tayari mwaka 1964 mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye usonji, alishaandika kwamba tatizo liko kwenye mwili, si malezi. Nampenda sana yule baba.

Lakini yote hayo walifanya wengine. La kwangu ni hili. Siku moja kwenye daladala, honi ilipigwa, mtoto akaziba masikio akaanza kupiga kelele. Konda akasema, "Mama, umemdekeza huyo, mchape." Abiria wakaguna kukubaliana naye. Nikamchapa. Nilijua kabisa kelele zile ni maumivu, nikamchapa ili watu nisiowajua waone mimi ni mama wa maana. Tangu siku hiyo sikumtoa. Wageni wakija namsukuma chumbani na simu. Hata mimi nikaacha kwenda harusini na misibani. Mume aliondoka katikati ya hapo. Hilo halihitaji maelezo.

Aliyenitoa ni jirani muuza maandazi. Watu wote waliniuliza mtoto ana nini. Yeye aliuliza, "Anapenda nini?" Nikakosa jibu, nikaona aibu. Akaanza kumchukua Jumamosi kwa muda wa saa moja tu, anampa chekeche. Mtoto akichekecha unga anatulia, anautazama unavyodondoka. Saa hiyo nilikuwa nalala. Sikufua wala kusali, nililala tu. Baada ya wiki kadhaa nikapata nguvu ya kwenda kliniki kwa ajili yangu, na huko nikaambiwa nina sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaolea watoto kama wangu, tafuteni saa moja ya kupumzika. Msiseme hamna mtu. Hata mimi nilisema hivyo na muuza maandazi alikuwa mlango wa pili. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mafunzo yake kwa walezi wa watoto kama wetu, limeweka sehemu ya hali ya mlezi mwenyewe, sembuse wewe unayejifanya chuma? Na semeni jina lake. Usonji. Lisemeni kwa konda, kwa wifi, kanisani, msikitini. Siku hizi nalisema kabla sijaketi kwenye kiti, na ukiguna nakujibu, nimeshakuwa sugu. Mtoto si wa kufichwa, wala wewe.

Dada wa Morogoro sikumjibu kwa maandishi, nilimpigia. Tuliongea mpaka adhana ya alfajiri. Wangu alikuwa ameshalala, miguu ukutani. Wa kwake nilimsikia nyuma yake, bado anagonga sufuria.