Vitufe vya kubana kwenye bamba la milimita 6

Uliuliza kama vitufe vya kubana vya Sanwa (vitufe vya mashine za michezo ya video, vinavyosukumwa tu kwenye tundu) vitashika kwenye bamba la alumini la milimita 6. Havitashika. Vile vimasikio vya plastiki vya ubavuni lazima vifyatuke chini ya bamba, na kwa unene huo havifiki. Ama uchonge upande wa chini kuzunguka kila tundu mpaka zibaki milimita 2 au 3, ama ununue vya kufunga kwa nati (mimi ningechonga, hupendeza zaidi). Matundu ni ya milimita 30, na ya vitufe vidogo ni milimita 24. Pitisha tupa kwenye kingo. Saketi nayo isiguse chuma, weka spesa za plastiki (vipande vya kuitenga na bamba). Rangi ya bamba ikikwaruzwa tu, shoti hiyo.