Majibu ya wiki: pimeni kabla ya kadi za harusi

Mwanangu wa pili ana selimundu. Mama mkwe anasema ugonjwa umetoka ukoo wangu, kwao haupo. Ni kweli? (Mama, Mbagala)

Si kweli, na mwambie nimesema mimi. Mtoto mwenye selimundu ni SS: amepokea S moja, yaani jeni yenye kasoro, kwako na nyingine kwa baba yake. Mwanawe, yaani mumeo, anayo, ila aliye AS (S moja, nyingine A nzima) kwa kawaida haumwi, hivyo anaishi nayo bila habari. "Kwao haupo" kwa sababu hakuna aliyepimwa. Zamani mtoto akivimba vidole, akapauka, akafa, walisema malaria au karogwa. Na hiyo AS humkinga mtoto na malaria kali, ndiyo maana imeenea sana kwenye maeneo ya mbu kama pwani yetu.

Halafu acheni ile hesabu ya "mmoja kati ya wanne, sisi tumeshampata". Wazazi wote wakiwa AS, kila mimba ina asilimia 25 ya kuwa SS. Mimba ya tatu haijui ya pili ilitoa nini.

Mimi O+, mchumba wangu A+. Damu zinaendana? (Fundi, Tandika)

Swali hili tena! Kundi la damu si kipimo cha selimundu. Nileteeni AA, AS au SS. Kamati ya harusi inachangisha mpaka hela ya keki, kipimo hiki hakimo kwenye bajeti.

Wazungu wamepata tiba ya jeni ya selimundu, na kuna mtu anauza matone yake mtandaoni. Ninunue? (Kigamboni)

Usinunue. Tiba yenyewe, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023. Mgonjwa hutolewa seli shina zinazotengeneza damu, zikahaririwa maabara kwa CRISPR, mkasi wa kukata jeni, akapewa dawa kali ya kufuta uboho wa zamani, kisha zikarudishwa mwilini. Tena hairekebishi ile S yenyewe. Inaamsha himoglobini ambayo mtoto huwa nayo akiwa tumboni mwa mama, ambayo haipindi chembe za damu. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Matone ya elfu thelathini ni wizi. Kama daktari amekuandikia haidroksiyurea, dawa ya selimundu, meza hiyo, wala usiiache kwa sababu ya matone.

Papai fupi linalozaa mapema ni GMO, yaani limebadilishwa jeni maabara? (Goba)

Hapana, mengi ni chotara. Mbegu ulizokamua kwenye tunda lake zikikuzalia kitu kingine, usinilaumu.

Mihogo yangu Mkuranga inapendeza juu, nikikata ndani imeoza kahawia. Nipige dawa gani? Mbegu nilipewa na jirani.

Hakuna dawa. Hiyo ni michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi ulioelezwa kitaalamu hapa hapa kwetu, Amani mkoani Tanga, miaka ya 1930. Si batobato, ugonjwa mwingine wa virusi wa mihogo, ambao hukunja majani ukauona ukiwa barabarani. Huu kagua majani ya chini: utaona manjano pembeni ya mishipa. Inzi weupe huusambaza shambani, lakini kutoka wilaya hadi wilaya husafiri kwa pingili tunazopeana bure. Ng'oa, choma, tafuta mbegu safi zilizokaguliwa. TARI Mikocheni, kituo cha utafiti wa kilimo, wamefanya kazi kubwa juu ya virusi hivi, kaanzie kuuliza hapo. Na jirani naye mwambie leo, kabla hajampa mwingine.