Barua kwa mwanangu: nikeli, madini mazito na uchovu wako

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na waalaikumu salaam. Umeniuliza kama mama na pia kama muuguzi mstaafu, basi nitakujibu kwa nafasi zote mbili.

Unasema yule mtaalamu wa tiba mbadala hapo Göteborg amekwambia uchovu uliokulaza tangu ile homa ya mwaka juzi unatokana na nikeli, ile metali inayotiwa kwenye hereni na vifungo, na madini mazito kama risasi na zebaki yaliyojazana mwilini. Ushahidi wake ni masikio yako yanayowasha tangu utotoni, pamoja na karatasi ya kipimo cha mkojo iliyojaa mistari myekundu. Sasa anataka kukutundikia dripu za kuyatoa, na unaniuliza kama ningekuwa wewe ningekubali.

Nisingekubali. Dripu hizo usiwekewe. Lakini sitaki uishie hapo, maana katika maneno ya mtu huyo kuna ya kweli na yasiyo ya kweli, na yamefungwa kwenye furushi moja. Nataka tulifungue pamoja.

Kwanza nikwambie kwamba nakuamini. Watu wamekuita mvivu, na hata shangazi yako alisema baridi ya Ulaya imekulegeza. Ugonjwa wa uchovu sugu upo. Shirika la Afya Duniani liliuorodhesha miongoni mwa magonjwa ya mfumo wa fahamu tangu mwaka 1969. Mwaka 2015 jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani lilieleza namna ya kuutambua: uchovu mzito wa miezi sita au zaidi ambao mapumziko hayauondoi, usingizi usioburudisha, na hali kuzorota baada ya kujitumikisha, tena pamoja na akili kuwa nzito au mwili kushindwa kustahimili kusimama. Uliponiandikia kwamba ukifua na kupika Jumamosi, Jumatatu huwezi hata kuchana nywele, nilikuwa nasoma dalili hiyohiyo. Kuchelewa kwake siku moja au mbili ndiko kunakowapotosha watu, kwa sababu siku ya kazi yenyewe wanakuona mzima.

Sasa masikio. Hapo mtu wako huenda hajakosea. Tangu ulipotogwa, hereni za bei ndogo zilikuwa zinakutoa majimaji, na kifungo cha jinzi kilikuachia wekundu chini ya kitovu. Mzio wa nikeli ndio mzio wa ngozi wa kugusana na kitu unaopatikana zaidi duniani, na wanawake wanao kuliko wanaume kwa sababu ya kutoga masikio. Jasho huyeyusha nikeli kidogo kidogo kutoka kwenye chuma, inapenya ngozini, na seli za kinga zikishaichukulia kuwa adui haziisahau tena. Ndiyo maana unavaa hereni Ijumaa ya harusi na muwasho unakuja Jumapili.

Mzio huo una kipimo chake, na si cha mkojo. Daktari wa ngozi atakubandika vijiplasta mgongoni, kimoja kikiwa na salfeti ya nikeli. Utakaa navyo siku mbili bila kulowesha mgongo, vitabanduliwa, ngozi itasomwa, kisha itasomwa tena siku moja au mbili baadaye. Kama jibu ni ndiyo, utaishi nalo, na kuishi nalo si kazi kubwa. Huko uliko sheria iko upande wako: Denmark ilitangulia kuidhibiti nikeli kwenye mapambo, Umoja wa Ulaya ukafuata kwa sheria ya mwaka 1994, na tangu 2001 kitu kinachokaa muda mrefu kwenye ngozi hakiruhusiwi kutoa zaidi ya mikrogramu 0.5 za nikeli kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Wasichana wa Denmark waliotoga masikio baada ya sheria hawaupati mzio huu kama dada zao waliotangulia. Lakini zile hereni ulizobeba kutoka Kariakoo hazikupita kwenye sheria hiyo. Nunua kile kichupa cha majaribio cha dimethilglioksimu: unalowesha pamba, unasugua chuma, pamba ikigeuka rangi ya waridi ujue nikeli inatoka. Anza na hereni, kisha saa ya mkononi na miwani.

Swali gumu ni kama nikeli inayowasha sikio ndiyo pia inayokulaza kitandani. Hapo nimesoma kwa makini, kwa sababu fikra yenyewe ilikulia hukohuko Sweden. Mwaka 2001 madaktari wa huko walichapisha utafiti wa wanawake wenye uchovu sugu na maumivu ya misuli, wakasema zaidi ya nusu yao walikuwa na mzio wa nikeli. Kabla yao mwanasayansi wa kinga, Vera Stejskal, alikuwa ametengeneza kipimo cha damu kiitwacho MELISA, kinachotazama kama seli nyeupe zinazaana zikikutanishwa na madini. Watu hawa hawakuwa matapeli. Waliwaona wagonjwa ambao wengine waliwapuuza, na kwa hilo nawaheshimu.

Hata hivyo, mwanangu, tazama kinachokosekana. Mzio wa nikeli wanao wanawake wengi wa Ulaya, zaidi ya kumi katika kila mia, na wengi wao wanakwenda kazini, wanalea, wanacheza mpira, hawana uchovu wowote. Mambo mawili kukutana kwa mtu mmoja hakuoneshi kwamba moja limezaa jingine. Na kile kipimo cha damu, watafiti wengine wa Sweden walipokijaribu kwa watu wasio na mzio wa nikeli wala dhahabu, kiliwatoa wengi kuwa wana mzio. Kipimo kinachomshika kila apitaye hakiwezi kukwambia nani mgonjwa. Mimi nasema hivi: nikeli kuwa chanzo cha uchovu wako ni dhana ambayo haijathibitishwa, na haitoshi kukutoboa mshipa.

Atakwambia pia uache vyakula vyenye nikeli. Ni kweli vipo, na vingi tunavipenda: maharage, kunde, korosho, karanga, kakao, shayiri, ngano isiyokobolewa, soya. Ni kweli pia kwamba baadhi ya watu wenye mzio mkali, hasa wanaotokwa na malengelenge mikononi, hupata nafuu wakivipunguza. Daktari wa ngozi anaweza kujaribu hilo kwa muda, akiwa anakuangalia. Lakini wewe mikono yako ni mizima. Ukiondoa maharage, kunde na karanga kwenye sahani ya mtu ambaye tayari anashindwa kusimama jikoni, atabaki na nini? Nisingependa nikuone umekonda juu ya uchovu. Kama unataka kufanya jambo dogo, pikia ndimu, ukwaju na nyanya kwenye chungu au sufuria ya enameli, hasa kama ile sufuria ya stili ni mpya, kwa maana uchachu huvuta nikeli kutoka kwenye stili, na stili mpya hutoa zaidi.

Hapa kuna jambo ambalo yule mtu hakukutajia, nami nalipa uzito kuliko yote: chuma cha damu yako. Tangu shule hedhi yako ni nzito. Mwili ukipungukiwa chuma, utumbo hujitahidi kufyonza zaidi, na njia inayopitisha chuma hupitisha pia nikeli, manganisi na kadimiamu, ambayo ni sumu. Wanawake wenye akiba ndogo ya chuma hukutwa na kadimiamu nyingi zaidi mwilini. Na upungufu wa chuma peke yake huchosha, hata kabla damu haijashuka kiasi cha kuitwa upungufu wa damu. Kwa hiyo usiridhike ukiambiwa "damu yako iko sawa". Uliza ferritini, ambayo ndiyo akiba. Wapime pia tezi ya shingo, sukari, figo, ini, vitamini B12 na ugonjwa wa matumbo unaoletwa na ngano. Hitilafu ya chochote kati ya hivyo huchosha, na nyingi zina tiba.

Nirudi kwenye ile karatasi yenye mistari myekundu. Umeniambia alikupa vidonge asubuhi, kisha ukakusanya mkojo kwa saa sita. Vidonge hivyo ni dawa ya kunasa madini. Kila mwanadamu ana risasi na zebaki kidogo mwilini, kutoka kwenye samaki, vumbi, maji. Ukimpa dawa hiyo, mkojo wake utatoa madini mengi kuliko kawaida, awe mzima au mgonjwa. Kisha maabara ikalinganisha mkojo wako na viwango vya watu ambao hawakunywa dawa yoyote. Ni kama kuutikisa mwembe kwa nguvu, ukahesabu maembe yaliyoanguka, halafu ukatangaza kwamba mti huu unapukutisha kupita miti ambayo hakuna aliyeigusa. Chuo cha wataalamu wa sumu cha Marekani kilitoa tamko kupinga kipimo cha namna hii, kwa kuwa hakuna viwango vya kukisomea. Nimekasirika kwamba walikutoza pesa kwa ajili yake.

Kama unataka kujua kweli, kapime damu kwa risasi, bila kunywa kitu cha kunasa madini. Zebaki ya samaki husomwa kwenye damu, ile ya mikorogo husomwa kwenye mkojo. Na siku mbili tatu kabla ya kupima aseniki, sumu nyingine ya aina hiyo, usile samaki wala kamba, kwa sababu viumbe wa baharini wana aseniki isiyodhuru ambayo hupandisha namba na kuwatia watu hofu bure. Kipimo cha nywele kiache. Vumbi na rangi ya nywele vinakiharibu.

Lakini kabla ya kipimo chochote jiulize madini hayo yangepita wapi. Sumu ya madini huwa ina njia. Owino Uhuru, kule Mombasa, njia ilionekana kwa macho: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu katikati ya makazi, moshi na maji machafu, watoto wakiugua. Phyllis Omido alipigania kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu Geita njia ni zebaki wanayoichoma kwa mikono mitupu. Kwako wewe nina maswali matatu tu, na unijibu kwa ukweli, sitakugombeza. Je, bado unapaka krimu ya kung'arisha uso? Zebaki kwenye vipodozi vya aina hiyo imepigwa marufuku na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, lakini bado inauzwa chini ya meza, na inaua figo. Je, yule rafiki yako bado anakuletea pemba za kutafuna? Udongo huo hukutwa na risasi na aseniki, halafu hamu ya kuula mara nyingi ni dalili ya chuma kupungua. Na zile sufuria za kufuliwa kwa mabati na vyuma chakavu, ulizibeba? Kama jibu ni ndiyo kwa lolote, mwambie daktari, hapo kipimo kina sababu.

Meno yako yaliyozibwa, kama hayajavunjika, yaache yalivyo. Kuyachimba ndiko kunakotoa mvuke mwingi zaidi wa zebaki iliyomo kwenye kizibo.

Dawa za kunasa madini zenyewe ni dawa za kweli. Mwaka 2010 huko Zamfara, Nigeria, vumbi la machimbo ya dhahabu liliua mamia ya watoto kwa risasi, na Madaktari Wasio na Mipaka waliwatibu wengi kwa dawa hizo na wakaokoka. Wale watoto walikuwa na risasi nyingi kwenye damu, iliyopimwa sawasawa. Kwa mtu asiye na sumu, dawa hiyo inachukua pia zinki na shaba anazozihitaji, na aina moja ya dripu hizo huivuta kalsiamu mpaka moyo unasimama. Kati ya mwaka 2003 na 2005 watu watatu walikufa hivyo Marekani, wawili wao watoto. Sisemi haya kukutisha. Nasema kwa sababu hujaambiwa.

Kuhusu uchovu wenyewe: usijilazimishe mazoezi ya kuongeza kila wiki. Uingereza walikuwa wanayapendekeza, wakayaondoa kwenye mwongozo wao wa mwaka 2021 baada ya wagonjwa kulalamika miaka mingi kwamba yanawaumiza. Kinachosaidia ni kujipimia: pumzika kabla hujachoka, oga umekaa kwenye kigoda, gawa kazi ya siku moja kwa siku tatu. Siku unayojisikia vizuri ndiyo ya kujihadhari zaidi. Kaka yako amekubali kulipia mtu wa kukufulia kwa sasa; mkubalie, usione haya.

Kwenye kituo chako cha afya omba mambo mawili kwa wakati mmoja: vipimo vya damu nilivyokutajia, na rufaa kwa daktari wa ngozi. Majibu yakitoka nitumie karatasi zote kama zilivyo, usinifupishie kwenye simu, maana nataka kuona namba ya ferritini na kipimo walichotumia. Na yule wa dripu mwandikie leo kwamba miadi ya Alhamisi umeifuta.

Mama yako
Tanga