Ardhi Adimu Iko Kilimani, Haiko Ndani ya Spika

Msomaji wa Umoja ananiuliza: "Mwalimu, neodimiamu ni ardhi adimu, madini adimu ama metali adimu? Mtoto amepewa insha na mimi mzazi nimekwama."

Pole ndugu yangu, lakini umenigusa penye kidonda. Hiyo "ardhi adimu" imenichosha kitambo. Kila nikifungua simu nakuta mtu ameandika eti China inaongoza kwa ardhi adimu, ati gari la stima linahitaji ardhi adimu, na mimi mkaaji wa Nairobi nikisikia ardhi adimu akili yangu inaenda moja kwa moja mtaa wa Kilimani. Hiyo ndiyo ardhi adimu jamani! Ploti ya 50 kwa 100, hati mbili, wenyewe watatu, na broka anakuambia lipa leo, kesho hutaipata. Sasa mtu anieleze hiyo ploti inaingiaje kwa spika ya simu, na beacon zake zote, na ule ukuta wenye maandishi mekundu kwamba haiuzwi.

Mtu ametafsiri Kizungu "rare earth" neno kwa neno bila kuuliza. Wanakemia wa zamani huko Ulaya waliita "udongo" (earth) zile oksidi, yaani unga unaopatikana metali ikishaungana na oksijeni. Shamba halikuwa kwenye hiyo hesabu.

Neodimiamu yenyewe ni metali, namba 60 kwenye jedwali la elementi, inang'aa ukiikata lakini ukiiacha hewani inafifia na kubabuka, ndio maana kwa maabara huwekwa ndani ya mafuta. Jina ni la Kigiriki, pacha mpya, kwa vile mwaka wa 1885 Carl Auer von Welsbach wa Austria alitenganisha kitu kilichodhaniwa ni elementi moja akapata mbili, neodimiamu ikiwa mojawapo. Kazi yake kubwa ni sumaku. Ichanganye na chuma na boroni upate sumaku ya kudumu iliyo kali kuliko zingine zote sokoni, na ndiyo hiyo iko kwa spika ya simu na kwa mota za boda nyingi za stima, muulize fundi yeyote wa simu pale Luthuli Avenue mjini vile bisibisi hunaswa akifungua spika. Ila ukiipasha moto sana nguvu inaisha. Pia hutumika kwa leza, na kioo kikitiwa hiyo kitu kinageuka zambarau.

Sasa "madini adimu". Ukitaka ukweli, madini ni kile kinachochimbwa, mfano monazaiti, halafu metali ndiyo inatolewa humo. Hata hiyo adimu ni nusu uongo, maana kwenye gamba la dunia neodimiamu ni nyingi kuliko risasi, sema tu imetawanyika, na wenzake 16 wa kundi hilo la adimu wanafanana naye mno kikemia hadi kuwatenganisha ni balaa. Hata kwenye kilima cha Mrima kule Kwale wapo. Lakini redio inasema madini adimu, waziri anasema madini adimu, mimi ni nani, siwezi kugombana na nchi nzima.

Mtoto aandike "metali adimu". Akiandika "madini adimu" mwalimu wake amsamehe. Akiandika "ardhi adimu" akatwe maksi mbili, moja ya Kiswahili na moja ya kemia.