Gari ya Mjerumani hapa Malindi: ya kwangu ilivyonifanyia tangu 2022

Ndugu yangu umeuliza swali zuri, unakaa Malindi, kazi inakupeleka Mombasa mara mbili tatu kwa mwezi, umeona gari ndogo ya Kijerumani ya 2018 yadini na bei yake imekaribiana na Mjapani wa mwaka huo huo, na kila rafiki anakwambia kimbia. Mimi ninayo moja ya 2017, petroli 1.4 ya turbo, gia otomatiki, niliichukua mwisho wa 2022 ikiwa na kilomita 61,000 na sasa imepita 118,000, karibu zote za hapa hapa, Malindi, Watamu, Kilifi na Mombasa. Jina la kampuni naliacha kwa sababu nazungumzia gari yangu moja tu.

Nianze na injini maana ndiyo watu wanaiogopa. Wallahi injini yenyewe haijanisumbua, haili oili, haina moshi, na kutoka hapa mpaka Mombasa, kilomita kama 120, inakunywa lita saba hivi na AC ikiwa wazi njia nzima. Barabarani imekaa chini imetulia, mama yangu ana mgongo mbovu na hii ndiyo gari pekee anakubali kupanda mpaka Mombasa bila kusimama njiani.

Kilichonitesa ni kulanti, yale maji ya rangi yanayopoza injini. Siku hiyo natoka Marafa, joto lile la mwezi wa pili, nimeshavuka daraja la Sabaki taa ikawaka dashibodi. Nasimama, naangalia chini, pakavu, hakuna hata tone, lakini kichupa kimeshuka chini ya alama. Mimi nikafanya kosa ambalo naomba wewe usilifanye, nikajaza maji ya mfereji nikaendelea, na nikafanya hivyo wiki tatu nzima. Maji yetu haya mnayajua, sufuria ya chai tu inaganda nyeupe ndani, sasa fikiria yanachofanya kwenye vijinjia vyembamba vya radieta ya alumini. Mwisho fundi wangu wa mtaa wa Barani akatoa boksi la filta ya hewa, akamulika tochi kule nyuma, akaniita nione: ukingoni mwa ile hausingi, yaani kasha la plastiki linalobeba wota pampu na termostati (kile kinachodhibiti joto la kulanti), kulikuwa na ukoko wa waridi, mkavu, umepandana kama chumvi ya Gongoni. Kulanti ilikuwa inatoka kidogo kidogo, ikigusa injini ya moto inakauka hapo hapo, ndiyo maana chini hakuna kitu. Plastiki ile inapikwa kila siku, gasketi inachoka, basi. Spea Malindi nzima hakuna, ikaagizwa Mombasa, ikaja na matatu siku ya pili, elfu 24 na ufundi elfu 6. Tukaosha mfumo wote tukajaza kulanti ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu, mpaka leo haijashuka hata kidole.

Jambo la pili ni gia boksi, na hapa nisikilize vizuri. Gia otomatiki ya gari yangu ni ya klachi mbili, na hizi ziko za namna mbili, kavu, na ile ambayo klachi zake zinaogelea kwenye oili. Ya kwangu ni kavu. Kwenye barabara iliyofunguka ni raha tupu, inabadilisha gia husikii, lakini Mtwapa ijumaa jioni, gari inatambaa hatua moja inasimama, hatua moja inasimama, klachi inasuguana muda wote na hakuna oili ya kuipoza. Mara ya kwanza herufi za gia zikaanza kuwakawaka dashibodi na harufu ya kuungua ikaingia ndani, nikaweka kando nusu saa, ikapoa, nikaenda. Fundi wa Mombasa akaipima kwa mashine akasema klachi bado ziko sawa, ilikuwa joto tu. Tangu hapo kwenye jam naacha nafasi mbele, nasubiri mpaka pawe na urefu wa gari mbili ndio nasogea mara moja, na kwenye mlima nashika breki, sishikilii gari kwa mafuta. Haijarudia. Jamaa yangu wa Kilifi yeye aliipuuza ile taa miezi kadhaa, ikamla laki moja na nusu.

Mengine ni madogo. Bateri ya zile gari zinazojizima zenyewe kwenye foleni si ya kawaida, inataka AGM au EFB, aina zilizotengenezwa kuvumilia injini kuwashwa mara kwa mara, na ukiweka mpya lazima kompyuta ya gari iambiwe kwa mashine, la sivyo inaendelea kuichaji kama ile kuukuu. Redio yangu ilitoka Japani na bado inaongea Kijapani. Kondensa ya AC imeliwa na hewa ya bahari, hilo litakupata hata ukinunua Mjapani.

Kwa hiyo kwa safari zako mimi nasema chukua, lakini kwanza mpate fundi mwenye mashine ya kusoma gari yako, awe Malindi au Mombasa, ndio ulipe. Kama humjui hata mmoja chukua Mjapani, nasema kwa roho safi, kwa sababu hizi gari zinakupa dalili mapema na mtu wa kukisia atakubadilishia spea tano nzima kabla hajaigusa iliyokufa. Na ukienda yadini nenda asubuhi injini ikiwa baridi, uliza kama gia boksi ni kavu au ya oili, iendeshe polepole kwenye matuta usikilize kama inastuka ikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, halafu toa boksi la filta umulike ile hausingi. Piga picha uiweke hapa, mimi ukoko ule nautambua.