Binti, zimwi na wimbo wa kwenye ngoma

Ukitaka kuwasimulia wanao ngano ambazo binti haketi kumsubiri mwana wa mfalme, huhitaji kugeuza kila kitu. Ukimkabidhi binti upanga halafu ukamfanya kaka yake mpumbavu, mtoto wa kiume anang'amua upesi kwamba anahubiriwa, anavuta shuka na kugeukia ukutani.

Mimi hutazama jambo moja tu: mpango ni wa nani? Chukua ile ya zimwi lililomtia msichana ndani ya ngoma, likawa linazunguka naye vijijini. Likipiga, msichana anaimba, nalo linakula vya watu bure. Nilivyoisikia utotoni, mama anaitambua sauti ya mwanawe, watu wazima wanamtoa na kuijaza ngoma nyuki. Mimi nagusa wimbo peke yake. Msichana akifika kwao anachomeka maneno yake: jina la mama, mwembe wa uani, kisha "mzinga umejaa, mgeni apewe asali". Watu wazima wanatekeleza tu alichopanga yeye. Kwangu anayegombania kuimba hapo ni mtoto wa kiume, na hajauliza hata mara moja kwa nini shujaa ni msichana.

Atatokea shangazi wa kusema unaharibu hadithi za wazee. Mpe habari za msichana wa kofia nyekundu, ile ngano ya Ulaya ya binti anayekwenda kwa bibi yake na kuviziwa na mbwa mwitu. Katika kitabu cha mwandishi Mfaransa Perrault cha mwaka 1697, mbwa mwitu anamla, basi, imekwisha. Ndugu wawili Grimm, wakusanyaji ngano wa Ujerumani, wakaleta mwindaji wa kumwokoa mwaka 1812. Lakini wanavijiji wa Ufaransa walikuwa na simulizi yao, iliyoandikwa karne ya 19, ambamo binti anajiokoa: anadai kabanwa na haja, anafungwa kamba mguuni ili atoke nje, anaihamishia kwenye mti, huyo! (Sehemu ya haja utaombwa uirudie, jiandae.)

Wavulana nao waruhusu waogope na walie ndani ya hadithi, na wapike uji bila mtu kuwacheka. Ila zimwi usililainishe. Siku hizi naona mazimwi yanayoomba msamaha na kualikwa chai; sasa hapo binti atatumia akili kwa lipi?