Setingi za droni kwa mchanga mweupe wa huku kwetu Mtwara

Wadau habari zenu. Wengi mnaniuliza setingi gani natumia nikirusha droni, nikisema manyuali (yaani kila kitu unaweka mwenyewe) mnaogopa, jamani msiogope, ila mjue hakuna namba moja ya kukariri, mchanga ndo unakuamulia.

Mi nilijifunza kwa machungu. Kuna mwenye gesti alinipa kazi ya picha moja pana ya ufukwe wa Msimbati, nikaacha kila kitu oto, kamera ijiamulie yenyewe, nikapiga picha saba za kuunganisha. Kufika nyumbani nakuta bahari ina mistari mistari kama kanga zilizoungwa vipande, maana droni ikigeukia mchanga kamera inapunguza mwanga, ikigeukia minazi inaongeza. Afu mchanga wenyewe mweupe pee umetoka kama majivu! Kamera haijui kama ule ni mchanga mweupe, yenyewe inataka kila kitu kiwe na mwanga wa wastani. Nikarudi Msimbati kwa mafuta yangu, iliniuma sana.

Siku hizi ISO (wepesi wa kamera kudaka mwanga) naiweka 100 basi, waiti balansi (inayopanga rangi zisibadilike) naifunga 5500, tundu la lenzi kwenye droni nyingi ndogo halibadiliki kwaiyo hapo huna cha kufanya. Kinachobaki ni shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, unahesabiwa kwa vipande vya sekunde. Naielekeza kamera sehemu inayong'aa kuliko zote, mchanga au tanga la mashua, naongeza spidi ya shata taratibu huku naangalia histogramu (ile grafu ya mwanga kwenye skrini, giza kushoto, weupe kulia) mpaka mlima wake uachie ukuta wa kulia, ubaki karibu nao bila kuugonga. Jua la saa sita na lenzi ya f/2.8 (ndo ukubwa wa tundu) utajikuta kwenye 1/3200 hivi, mchanga ukiwa mwingi hata zaidi. Hapo sigusi tena mpaka picha zote ziishe. Minazi itaonekana giza kwenye simu, iache, piga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata), giza utalivuta kwenye kompyuta lakini mchanga ukishaungua, ukawa mweupe mtupu, umeungua, haurudi.

Asubuhi saa 12 na nusu pale Mikindani mambo ni mengine, mwanga mdogo, na kusi ikivuma droni inayumba kweli. Chini ya 1/100 mi sikubali, bora nipandishe ISO 200 au 400, chenga kidogo (vile vidoadoa kwenye picha) zinavumilika, picha iliyotikisika ni ya kufuta tu.

Filta za ND (vioo vya giza vya kupunguza mwanga) msinunue kwa ajili ya picha za kawaida. Ni za video, maana ukirekodi fremu 25 kwa sekunde unataka shata 1/50, na kutoka 1/3200 mpaka hapo unahitaji ND64, inayopunguza mwanga mara 64.

Vibali vya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) fuatilieni mapema, msisubiri siku ya kazi. Na mkienda Msimbati angalieni siku za bamvua, maji yakitoka mchanga unabaki na michirizi, ukiwa juu mita 60 hivi unaona kila mfereji.